Huenda pampu ya petroli haijafa, imenyimwa umeme tu

KUNA maneno manne ambayo hakuna mwenye gari kuukuu apendaye kuyasikia, hasa mwisho wa mwezi: "Pampu ya petroli imekufa."

Fundi huyasema akiwa ameinama kando ya gari, mikono imejaa grisi, na kabla hujauliza swali la pili hesabu zimekwisha kuanza kuzunguka kichwani mwako. Karo ya watoto, kodi ya nyumba, deni la dukani. Mwishowe unatoa pesa. Pampu inanunuliwa, inatiwa, gari linawaka, nawe unamshukuru Mungu na fundi pia.

Juma la tatu, ukiwa katikati ya msongamano wa magari kwenye Barabara ya Thika, jua linawaka na watoto wako kiti cha nyuma, injini inazima tena, kimya.

Hapo wengi hulaumu pampu waliyouziwa kwamba ni bandia. Wengine humlaumu fundi. Yawezekana wana haki. Lakini mara nyingi kosa halikuwa kwa pampu ya pili wala ya kwanza. Pampu ya kwanza haikuwa imekufa, ilikuwa imenyimwa umeme. Na sababu ya ile mpya kufanya kazi kwa majuma matatu ni kwamba fundi alipoichomoa soketi na kuirudisha, vyuma vilisuguana, kutu ikatoka kidogo, umeme ukapita. Kutu iliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Jumapili hii basi, hebu tujifunze jinsi ya kuufuata umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu, hatua kwa hatua, ili usiagize pampu kabla hujajua kama ndiyo mgonjwa. Hata kama hutashika bisibisi maishani mwako, utajua cha kumuuliza fundi.

Umeme husafiri njia gani?

Magari ya zamani zaidi, kama Peugeot 504 na Datsun 1200 za kabureta, hayakuwa na shida hii. Pampu yao ilifungwa kwenye injini yenyewe na kusukumwa nayo. Injini ikizunguka, pampu nayo inasukuma. Hakuna waya.

Magari ya EFI ambayo familia nyingi za mjini hununua yakiwa yametumika, mathalan Toyota Corolla AE100, Nissan Sunny B14 ama Honda Civic za miaka ya 1990, ni tofauti. Pampu yao ni mota ndogo ya umeme iliyozamishwa ndani ya tangi. Katika mengi ya magari haya madogo ukiinua kiti cha nyuma utaona kifuniko cha bati, na chini yake soketi ya pampu. Pampu hii husukuma petroli hadi kwenye injini kwa presha inayozidi ile unayotia kwenye tairi la gari lako, na huenda ikatumia umeme wa ampea 4 hadi 8.

Umeme huo hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi kubwa, hupitia swichi ya ufunguo na fyuzi ndogo, kisha hufika kwenye rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme wala si na kidole. Kompyuta ya gari ndiyo inayoiamuru iwashe au izime. Kutoka kwenye rilei waya hupita chini ya zulia, kando ya milango, hadi nyuma ya gari. Hufika kwenye soketi, huingia pampuni, kisha umeme hurudi kwa waya wa ardhi, ambao mafundi wa jua kali huuita "athi", uliofungwa kwa skurubu kwenye bodi ya gari.

Hesabu vituo hivyo vyote. Kila kimoja ni mahali ambapo kutu, joto, maji au mkono wa fundi wa zamani unaweza kuikata safari. Pampu ndiyo ya mwisho kwenye njia hiyo, lakini ndiyo ya kwanza kushtakiwa.

Tena fahamu jambo moja la usalama. Injini ikizima yenyewe, kompyuta huikata pampu baada ya sekunde chache. Haikuwekwa hivyo kwa kukusumbua. Gari likigonga na mfereji wa petroli ukapasuka, pampu isiendelee kuumwagia moto mafuta. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Dalili ya mvua ni mawingu

Kwanza hakikisha unatafuta ugonjwa ulio wa kweli. Ukigeuza ufunguo na stata haizungushi injini, au inalia "tak tak" tu, shida yako iko kwenye betri, vichwa vyake au stata. Pampu haihusiki.

Pampu huingia katika orodha ya washukiwa pale stata inapozungusha injini vizuri lakini haiwaki. Au linapowaka asubuhi bila tatizo kisha linakataa saa nane mchana likiwa limeanikwa juani. Au linapokosa nguvu ukipanda mlima, linarukaruka, na ukishuka linapona. Au linapozima ghafla ukivuka tuta, kisha likawaka baada ya dakika kadhaa kana kwamba hakukuwa na lolote.

Dalili ya pili na ya mwisho ziangalie sana. Pampu iliyochoka huendelea kuchoka. Haifi na kufufuka kila tuta. Ugonjwa unaokuja na kuondoka kwa mtikisiko au kwa joto huenda ukawa wa waya, soketi au rilei.

Kabla ya yote, kuna maswali mawili mepesi. Je, petroli imo? Usicheke. Kuna geji zinazodanganya, na sisi wa kutia mafuta ya shilingi 500 kila asubuhi tunaishi karibu sana na alama ya mwisho. Tia lita chache ujaribu tena. Na je, geji yenyewe ilikufa siku ile ile gari lilipokataa kuwaka? Katika magari mengi waya za geji na za pampu hupita soketi moja juu ya tangi, na katika baadhi hutumia ardhi moja. Vikifa pamoja, itazame soketi hiyo kabla ya kitu kingine.

Swali la tatu mwachie fundi: je, plagi zinatoa moto? Moto wa plagi na petroli vikikosekana pamoja, huenda kompyuta haipati habari kwamba injini inazunguka, na kwa hivyo imeizuia pampu makusudi. Hapo atafutwe mkosaji kwenye distribyuta au kihisio cha mzunguko wa injini. Kubadilisha pampu kutakuwa kumtibu jino mtu anayeumwa na tumbo.

Sikiliza mlio

Hatua ya kwanza haihitaji hata spana. Zima redio, funga milango, mtu mmoja akae kwenye usukani na mwingine aweke sikio karibu na kiti cha nyuma. Mwenye usukani ageuze ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, asipige stata. Katika Nissan nyingi na Honda nyingi utasikia mvumo kama wa nyuki kwa sekunde mbili au zaidi, kisha unanyamaza. Huo ni mlio wa pampu ikijaza mfereji.

Toyota nyingi za miaka hiyo hazifanyi hivyo. Pampu yao husubiri hadi stata ianze kuzungusha injini. Kwa hivyo usiihukumu Toyota kwa sababu imenyamaza ufunguo ulipogeuzwa. Mwambie mwenzako apige stata huku ukisikiliza.

Mlio ukisikika, umeme unafika. Kama gari bado haliwaki, tazama chujio la petroli, presha na plagi. Kama ni kimya kabisa, endelea na hatua inayofuata.

Fyuzi, na ile tabia ya karatasi ya sigara

Magari mengi yana visanduku viwili vya fyuzi, kimoja chini ya dashibodi na kingine chini ya boneti. Kifuniko chake huonyesha kila fyuzi ni ya kazi gani. Tafuta iliyoandikwa EFI, IGN au FUEL PUMP. Ichomoe uitazame kwenye mwanga, na bora zaidi uipime kwa mita, kwani kuna nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Tazama pia meno ya kishikio chake. Yakiwa yameungua au plastiki imeyeyuka, fyuzi nzima haitakusaidia.

Ukiikuta imeungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Imeandikwa 15, weka 15. Usiweke 30, wala usifunge kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni kama askari wa lango. Ikiungua mara ya pili, inakuambia kwamba mahali fulani waya umechubuka na unagusa bodi. Ukimwondoa askari huyo, kitakachoungua baadaye ni waya chini ya zulia, na waya huo unaelekea kwenye tangi la petroli.

Wenye magari ya Ulaya waongeze jambo moja. Baadhi ya Ford na Land Rover za petroli huwa na swichi ya usalama inayokata pampu gari likipata kishindo. Shimo kubwa la barabarani linaweza kuifyatua. Huwa na kitufe cha kubonyeza ili irudi, lakini chungulia kwanza chini ya gari uhakikishe hakuna petroli inayovuja.

Rilei inayougua joto

Rilei nzuri hulia "tik" inapowashwa. Weka kidole juu yake huku mwenzako akigeuza ufunguo au akipiga stata. Ukiuhisi mdundo huo, amri ya kompyuta inafika. Usipouhisi, ama rilei imeharibika ama haiamriwi.

Kama kuna rilei nyingine garini yenye nambari ile ile na miguu iliyopangwa vile vile, zibadilishane ujaribu. Huo ni uchunguzi wa bure. Lakini nambari zisipolingana usijaribu, kwani umbo linaweza kufanana na waya za ndani zikatofautiana.

Wenye Honda za miaka ya 1980 na 1990 wana hadithi yao, na inajulikana dunia nzima. Rilei kuu ya magari hayo hukaa chini ya dashibodi. Ndani yake viungo vilivyolehemiwa kwa risasi hupata nyufa ndogo mno baada ya miaka mingi. Gari likikaa juani rilei hupata joto, nyufa zinafunguka, na gari linakataa kuwaka. Ukifungua madirisha ukasubiri dakika 20, linawaka. Wangapi wamebadilisha pampu kwa ajili ya ugonjwa huo? Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuvilehemu viungo hivyo upya kwa muda mfupi.

Wenye Toyota nao wana njia yao ya mkato. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake mna tundu la +B na tundu la FP. Fundi akiyaunganisha hayo mawili kwa kipande cha waya, kisha ufunguo ukageuzwa bila kupiga stata, pampu inapaswa kuvuma. Ikivuma, pampu na waya wake wa kwenda nyuma vinapitisha umeme, na mkosaji yuko upande wa rilei au kompyuta. Isipovuma, elekea nyuma ya gari. Asikosee matundu, na akimaliza auondoe waya huo.

Volti 12 zinazodanganya

Sasa tumefika penye kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Fundi anaichomoa soketi ya pampu, anapima kwa mita, anaona volti 12. Anasema, "Umeme upo, pampu ndiyo mbovu." Lakini hajathibitisha lolote bado.

Fikiria mfereji wa maji nyumbani kwako. Bomba likiwa limeziba karibu lote, ukifunga mfereji usiku kucha presha hujaa kama kawaida. Asubuhi ukifungua, yanatoka matone. Waya ni vivyo hivyo. Hata ukibakiwa na uzi mmoja wa shaba, mita itaonyesha volti 12, kwa sababu mita haitumii umeme wowote wa maana. Pampu ikidai ampea 5, uzi ule hauwezi.

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kanuni ya Ohm. Tuseme kiungo chenye kutu kina ukinzani wa omu 0.8 tu, na umeme unaopita ni ampea 5. Zidisha: volti 4 zinapotelea hapo. Pampu iliyotazamia 12 inapata 8, inazunguka kwa uvivu, na petroli haifiki kwa presha inayotakiwa. Si hivyo tu. Volti 4 mara ampea 5 ni wati 20 za joto, karibu sawa na balbu ya breki, zikiwaka ndani ya soketi ya plastiki kila pampu inapozunguka. Ndiyo sababu soketi za pampu huonekana zimegeuka rangi ya kahawia na kuyeyuka.

Kwa hivyo pima pampu ikiwa imeunganishwa na inadai umeme wake. Ncha za mita ziingizwe kwa nyuma ya soketi, moja kila upande wa pampu, na mwenzako apige stata. Wakati huo huo linganisha na volti za betri, kwa maana stata hushusha betri hadi 10 au 11, na hilo ni la kawaida. Tofauti kati ya betri na pampu isizidi volti moja hivi. Ikifika 2 au zaidi, kuna kiungo kinachokula umeme wako. Magari mengine yenye injini kubwa hupunguza volti za pampu makusudi injini inapopumzika, kwa hiyo kwa hayo pima wakati wa stata.

Kama huna mita, tumia balbu ya breki ya wati 21 mahali pa pampu. Ikiwaka kwa mwanga mkali, njia ina uhai. Ikiwaka hafifu kama mshumaa, umempata mwizi. Tahadhari tu: tangi liwe limefungwa, madirisha wazi, na balbu iunganishwe kwanza ndipo ufunguo ugeuzwe, ili cheche isiruke penye mvuke wa petroli.

Kikulacho ki nguoni mwako

Watu huufuata waya unaopeleka umeme na kuusahau ule unaourudisha. Pima hivi: ncha moja ya mita kwenye mguu wa ardhi wa pampu, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, pampu ikidai umeme. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, ardhi ni mbovu. Tafuta skurubu yake kwenye buti au chini ya kiti cha nyuma. Ifungue, isugue na msasa hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, ikaze. Kazi ya dakika 10, na hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Ikiwa ni upande wa umeme unaopotea, inua zulia kando ya mlango. Maji ya mvua na ya kuoshea gari hukusanyika hapo, na waya ulio hapo hugeuka kijani kibichi ndani ya ganda lake.

Kisha angalia chini ya dashibodi. Hapa kwetu ni gari gani kuukuu lisilowahi kutiwa alamu au swichi ya siri ya kuwakomoa wezi? Njia inayopendwa ni kuukata waya wa pampu na kuupitisha kwenye kifaa hicho. Mwenye gari wa kwanza alitia yake, wa pili akaiondoa na kuunga waya kwa kuupindapinda, wa tatu akaongeza kifaa cha kufuatilia gari kinachoweza pia kuzima injini. Wewe wa nne umenunua gari pamoja na mafundo hayo yote, yamefungwa utepe mweusi ambao gundi yake imekauka.

Ukiona waya unaobadilika rangi katikati ya safari, hapo pameguswa. Uliza aliyekuuzia. Viungo vifunguliwe, vilehemiwe au kubanwa kwa kifaa chake, vivikwe ganda. Kama kifaa cha kufuatilia ni cha benki iliyokukopesha, usikikate wewe mwenyewe. Waite waliokitia.

Usikubali kuungiwa moja kwa moja

Sasa lile jambo tuliloliweka akilini. Fundi akichoka kutafuta, kuna njia moja rahisi mno: kuvuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye pampu, labda na swichi ya kengele ya mlango kwenye dashibodi. Gari litawaka. Utafurahi. Bei itakuwa ndogo.

Lakini umeondoa rilei, umeondoa amri ya kompyuta, na mara nyingi umeondoa fyuzi pia. Siku gari litakapogonga, hakuna atakayeizima pampu. Wewe umeduwaa, dereva mwenzako anapiga kelele, na nyuma ya kiti cha watoto mota inaendelea kumwaga petroli kwenye mfereji uliopasuka. Tena waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi, hugeuka mwekundu kama sigiri kwa muda mfupi tu.

Kwa majaribio ya dakika moja gereji, kwa waya wenye fyuzi, fundi akisimama hapo, sawa. Kwa safari ya kwenda mashambani na familia, hata kidogo. Kama gari lako tayari limeungwa hivyo, hilo ndilo la kutengenezwa kabla ya rangi, kabla ya redio, kabla ya rimu mpya.

Na kabla tangi au mfereji wa petroli kufunguliwa, kichwa hasi cha betri kitolewe, presha ya mfereji ipunguzwe, sigara ziwe mbali, na kizima moto kiwe karibu.

Zungumza na fundi wako

Si lazima ujitengenezee gari. Lakini ni pesa zako, na una haki ya kuuliza kwa adabu. Fundi akikuambia, "Mzee, pampu hii imekwisha," usibishane. Mjibu hivi: "Sawa fundi, nimekusikia. Lakini kabla hatujaenda Grogan, hebu nipimie volti pale kwenye pampu nikiona, halafu unipimie na athi."

Fundi mzuri hatakasirika. Atachukua mita yake, na huenda akafurahi kupata mteja anayeelewa. Asiye na mita kabisa, au anayesema hana haja ya kupima kwa kuwa "najua tu", mshukuru na umtafute mwingine.

Umeme ukifika kamili, ardhi ikiwa safi, na pampu bado ni kimya, basi kweli imekufa. Nunua bila kinyongo. Iombe ile ya zamani uione, badilisha chujio pamoja nayo, na soketi iliyoungua isirudishwe kwenye pampu mpya. Baada ya hapo jizoeze kutoiacha petroli ishuke chini ya robo tangi, kwani petroli yenyewe ndiyo inayoipoza pampu. Anayetembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku anaichemsha pampu yake polepole.

Nanyi vijana mlio vyuoni mkisomea ufundi, mita ndogo ya umeme ni ya bei nafuu kuliko pampu yoyote. Jifunzeni kuitumia vyema. Jirani wa kwanza mtakayemwokolea karo ya mtoto kwa kusugua skurubu moja ya ardhi hatawasahau.

Jumapili njema, na uendeshe kwa usalama.